Boti inayotoka kwenye baridi kwenda kwenye joto: fungua kalenda kabla ya pochi

Swali: "Nahodha, shikamoo. Mimi na mke wangu tuna boti ya matanga ya futi 36 iliyoundwa mwaka 1988. Tangu tuinunue haijatoka Bahari ya Baltiki, huku kaskazini mwa Ulaya. Majira ya joto tunazunguka visiwani, mwezi wa kumi inapandishwa nchi kavu na kufunikwa turubai mpaka mwezi wa tano. Mwaka kesho tunataka kuondoka: Ureno, Visiwa vya Kanari, na tukijaliwa tuvuke Atlantiki hadi Karibi. Fedha ni za kubana. Tumeshauriwa kununua mashine ya kuchuja maji ya bahari, kuweka betri za lithiamu na kubadilisha nyaya za mlingoti. Vyote hatuviwezi. Tuanze na kipi? Na mke wangu anauliza, hita tuing'oe au tuiache?"

Marahaba, ndugu yangu, na shemeji umsalimie. Swali lake nitalijibu mwishoni, nalo si dogo.

Kwa ufupi: kati ya vitu vitatu ulivyotaja, anza na nyaya, zile zinazoushikilia mlingoti usianguke. Lithiamu inaweza kusubiri. Mashine ya maji iacheni kabisa kwa mwaka huu. Lakini kuna jambo linalotangulia manunuzi yote, nalo ni tarehe. Nimesafirisha boti za watu kwa njia hiyo mara kadhaa, na waliopata shida nyingi hawakukosa vifaa. Walichelewa kuondoka kwa sababu walikuwa bado wananunua vifaa.

Safari yenu ina milango miwili, na yote hufungwa kwa kalenda. Wa kwanza ni Ghuba ya Biscay, kati ya Ufaransa na Hispania. Kutoka Brest ya Ufaransa hadi A Coruña ya Hispania ni maili za baharini 340 hivi, yaani siku tatu kwa boti ya ukubwa wenu, na katikati hakuna pa kujisitiri. Sakafu ya bahari pale inapanda kutoka zaidi ya mita 4,000 hadi chini ya mita 200 ndani ya masafa mafupi, na mawimbi marefu ya Atlantiki yakikutana na ukingo ule huinuka na kusimama wima. Julai na Agosti watu wengi huvuka bila kisa. Kuanzia katikati ya Septemba dhoruba za vuli huanza kufuatana, na nafasi ya siku tatu tulivu inakuwa adimu kila wiki inayopita.

Mlango wa pili ni Karibi. Msimu rasmi wa vimbunga vya Atlantiki huanza 1 Juni na kwisha 30 Novemba, na bima nyingi hazitalipa ukikutwa eneo lile na kimbunga ndani ya tarehe hizo. Ndiyo maana boti nyingi huondoka Kanari mwishoni mwa Novemba au baadaye. Columbus aliondoka La Gomera, kisiwa kimojawapo cha Kanari, tarehe 6 Septemba 1492, katikati kabisa ya msimu huo, akasalimika. Hakujua alichokuwa anakifanya. Ninyi mnajua, kwa hiyo msimwige. Tena pepo za biashara, zile zinazowasukuma kwa mgongo mpaka ng'ambo, hutulia vizuri Desemba na Januari. Wanaosubiri kidogo husafiri kwa raha kuliko wanaokimbilia kufika kabla ya sikukuu.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Kanari muwe mmefika Oktoba. Septemba ni ya Ureno, ambako upepo wa kaskazini bado unawapeleka kusini. Biscay iwe imevukwa kabla Agosti haijaisha. Kabla ya hapo kuna Mfereji wa Kiel nchini Ujerumani, kilomita 98 za kutambaa kwa injini, halafu Bahari ya Kaskazini na Mlango wa Kiingereza (bahari nyembamba kati ya Uingereza na Ufaransa), ambako upepo mwingi hutoka magharibi, usoni mwenu. Kipande hicho watu hukipa wiki mbili kwenye karatasi, kipeni tano. Kwa hiyo Baltiki muiage kufikia katikati ya Juni. Na kwa kuwa boti yenu inakaa chini ya turubai hadi mwezi wa tano, kazi haiwezi kungoja mwaka kesho. Epoksi na gundi nyingi hazikauki vizuri chini ya nyuzi 10, kwa hiyo kazi za kubandika na kuziba zina vuli hii tu, halafu kuna pengo la miezi mitano, halafu kuna wiki chache za heka heka. Mwaka kesho wenu umeshaanza.

(Wanaosoma hili wakiwa pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini, ninyi shida yenu ni nyingine. Lazima mngoje Novemba ili vimbunga vipungue, na wakati huo huo pepo kali za kaskazini zinaanza. Mkondo wa Gulf Stream unaelekea kaskazini mashariki, na upepo wa kaskazini ukipuliza kinyume chake, mawimbi yanakuwa mafupi na wima kama ngazi. Mkondo huo uvukeni siku ambayo upepo hauna kaskazini ndani yake.)

Turudi kwenye nyaya. Boti ya Baltiki husafiri miezi mitatu au minne kwa mwaka, kwenye maji yenye chumvi kidogo sana: katikati ya Baltiki ni gramu 7 hivi kwa kilo ya maji, wakati bahari kuu ina 35. Nyaya zinaonekana mpya hata zikiwa na miaka 20. Kisha ghafla mnazipeleka kwenye chumvi mara tano na joto, na mlingoti unayumba usiku na mchana kwa wiki tatu mfululizo. Kutu ya nyaya hizi hujificha ndani ya kikombe cha chini, pale waya unapobanwa, kwa sababu maji hukaa humo.

Mlingoti ukishushwa Oktoba, chukua kipande cha pamba na kioo cha kukuzia. Pitisha pamba taratibu kuzunguka kila kikombe na juu ya waya sentimita 20. Ikishika uzi hata mmoja, pana waya uliokatika. Kisha pitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma cha kikombe chenyewe kwa kuzunguka. Ufa mwembamba unausikia kabla hujauona, na mara nyingi unakuwa umesimama wima, umeandamana na mstari wa kutu ya kahawia. Ukiupata mmoja, usibadilishe huo mmoja. Badilisha zote, maana zina umri mmoja na zimefanya kazi moja. Hata usipoupata, kama hujui zilifungwa mwaka gani, hesabu kuwa ni za zamani. Kampuni nyingi za bima huanza kuuliza maswali zikifika miaka 10 hadi 15.

Hapo ndipo penye siri ya boti za nchi za baridi: baridi inaficha magonjwa. Kitu kinakaa miaka kikionekana kizima kwa sababu hakijawahi kufanyishwa kazi, wala kupata joto, wala kuonja chumvi ya kweli. Nitakupa mfano ulionigharimu usingizi.

Miaka iliyopita nilikuwa nashusha boti ya mteja kusini. Injini ilikuwa safi, imefanya kazi saa chache tu, fundi alikuwa ameipitia na kunihakikishia. Siku ya pili ndani ya Biscay upepo ukakata, mawimbi yakabaki. Nikawasha injini. Saa nane za usiku ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Nilifungua chujio la dizeli kwa mwanga wa taa ya kichwani na ndani nikakuta utelezi mweusi kama kamasi. Nikaweka chujio jipya, nikatoa hewa kwenye mfumo, ikawaka. Baada ya dakika 40, yale yale. Vichujio vilikuwa vitatu. Cha tatu kilitufikisha karibu na upepo, na hapo tena tukaendelea kwa matanga.

Kilichotokea ni hiki. Tangi linaachwa nusu wakati wa baridi, hewa ya juu inapoa na kupata joto kila siku, umande unajishika kwenye kuta za tangi na kuteremka chini. Dizeli huelea juu ya maji, na kwenye mpaka wa hivyo viwili huota vijidudu vinavyokula mafuta. Visiwani, kwenye maji yaliyotulia, uchafu huo unakaa chini kimya miaka 10. Siku mnapoingia kwenye mawimbi ya bahari kuu, tangi linakorogwa kama chupa ya dawa. Kwa hiyo fungueni tangi vuli hii. Si kunyonya kidogo kwa mpira. Fungueni kifuniko, ingizeni mkono na kitambaa, sugueni hadi pembe. Kama tangi halina kifuniko cha kuingiza mkono, kateni tundu na mtengeneze kimoja. Baada ya kusafisha lijazeni hadi juu kabla ya baridi. Na vichujio mchukue 10, si vitatu.

Tukiwa bado kwenye injini: kuna watu wakisikia wanakwenda kwenye joto wanamwaga maji ya rangi yanayozuia kuganda na kuweka maji matupu, eti huko hakuna barafu. Msifanye hivyo. Yale maji ndiyo yanayozuia kutu ndani ya injini na kuinua kiwango cha kuchemka. Wekeni mapya. Kibadilisha joto, yaani kile kifaa ambamo maji ya bahari hupoza maji ya injini, kifunguliwe na kusuguliwa, kwa sababu injini iliyozoea kupozwa na bahari ya nyuzi 12 itapozwa na ya nyuzi 28, na ule uchafu uliokuwa unavumilika sasa utapandisha mshale wa joto. Impela (gurudumu dogo la mpira ndani ya pampu ya maji) iwe mpya, na mbili za akiba.

Boti ikiwa juu, angalieni vitu viwili chini yake. Cha kwanza ni anodi, vile vipande vya chuma vinavyoliwa na kutu badala ya propela. Baadhi ya boti zinazokaa kwenye maji yasiyo na chumvi au yenye chumvi kidogo zimefungwa za magnesiamu. Kwenye bahari kuu magnesiamu huliwa haraka mno, na zikiisha zamu ni ya propela. Fungeni zinki au aluminiamu, za aina moja kote, na zisipakwe rangi. Cha pili ni vali za kupitisha maji kwenye mwili wa boti. Kama ni za shaba nyeupe ya kawaida (shaba iliyochanganywa na zinki), chukua kisu ukwangue kidogo. Ukiona rangi ya njano, heri. Ukiona waridi kama shaba tupu, zinki imeshatoka ndani ya chuma na kilichobaki kitavunjika kama biskuti siku utakayokishika kwa nguvu. Nimeona mpini wa vali ukibaki mkononi mwa mtu, na yeye akiutazama kana kwamba anangoja useme kitu. Badilisheni zote, na kila moja ifungiwe kwa kamba kigingi cha mbao cha ukubwa wake, cha kuziba tundu ikivunjika.

Sasa umeme, ambako ndiko lithiamu ilikotokea. Anzeni na friji, maana huko joto linakula betri kupitia friji. Kompresa ya volti 12 huvuta ampea 4 au 5 inapozunguka. Baltiki, maji yakiwa baridi nje ya ukuta, huenda inazunguka saa 6 kwa siku: ampea-saa 27 hivi. Ukiwa kwenye bahari ya nyuzi 28, sanduku lile lile linaweza kuifanya izunguke saa 14, na hapo ni 63. Hujaongeza taa wala usukani wa umeme.

Watu hujibu kwa kusema, "Lakini kuna jua kali." Jua kali ndiyo, ila si refu. Juni kwenu jua linakaa angani saa 18. Karibi mwezi wa kwanza linakaa saa 11 na kitu, na saa kumi na mbili jioni taa zote mnawasha. Paneli ya wati 200 iliyolazwa bapa, isiyotupiwa kivuli na mlingoti, itakupa ampea-saa 60 hivi kwa siku, na paneli zikipata joto hupunguza kazi: karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi 25. Yaani paneli moja ya ukubwa huo ni ya friji peke yake.

Ushauri wangu basi: pesa ya lithiamu igawanyeni. Kwanza ongezeni povu la kuzuia joto kwenye sanduku la friji hadi sentimita 10 kila upande. Ni kazi chafu na ya bei nafuu, na hakuna betri itakayowapa faida kama hiyo. Pili wekeni paneli zifike wati 400. Betri za risasi mlizonazo zitawafikisha Kanari. Zitakufa mapema kwenye joto, ni kweli, kwa kawaida maisha yao hupungua nusu kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, lakini zikifa mtakuwa mmeshajua mnatumia umeme kiasi gani na mtanunua kwa hesabu. Isitoshe lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi sifuri, na boti yenu ina baridi moja zaidi ya kupita.

Mashine ya maji nimeikataa kwa sababu haipendi kukaa bila kazi, na inadai umeme ambao hamna. Hesabu ni rahisi. Watu wawili, lita 4 za kunywa na kupikia kwa kila mmoja kila siku, siku 21 za kuvuka: lita 168. Ongeza nusu kwa ajili ya bahati mbaya, ni 250. Tangi lenu pamoja na madumu yatafika hapo. Yale madumu ni muhimu hata kama tangi ni kubwa, kwa sababu tangi moja likichafuka au kuvuja limeondoka na maji yote.

Gesi ya kupikia ina mtego wake. Mtungi wenu wa huko bila shaka ni wa propani, kwa kuwa butani haitoi mvuke vizuri baridi ikikaribia sifuri. Kusini mtakutana na butani kila mahali, na vichwa vya mitungi vinabadilika nchi hadi nchi. Chukueni mitungi miwili na viunganishi kadhaa. Lakini sikilizeni hili kwa makini: msikubali mtu ajaze propani kwenye mtungi ulioundwa kwa butani pekee. Kwenye joto moja, mgandamizo wa propani ni kama mara nne ya ule wa butani. Wala mtungi wowote usijazwe kupita asilimia 80, kisha mkauweka juani.

Nanga. Baltiki mnafunga pua ya boti kwenye mwamba au gati na nyuma mnatupa kananga kadogo. Huko mnakokwenda mtaishi juu ya nanga kwa wiki nzima nzima, upepo ukizunguka usiku. Nunueni nanga kubwa kwa saizi moja kuliko jedwali la kiwanda linavyosema, na mnyororo wa mita 60. Wa milimita 8 una uzito wa kilo 1.4 hivi kwa mita. Wa milimita 10 unafika 2.3, na mita 60 zake ni kilo karibu 140 kwenye pua ya boti ya futi 36. Mimi ningechukua wa 8 wenye chuma kigumu zaidi. Winchi ya nanga ikiwa ya mkono si aibu, ila shemeji aijaribu yeye mwenyewe, mita 20 za maji, kabla hamjaondoka. Kama hawezi kuing'oa nanga peke yake siku wewe ukiwa na homa, basi hamjajiandaa.

Kwa jua nitasema machache. Nyuzi zinazoshona tanga huoza kabla ya kitambaa, kwa hiyo tanga zikashonwe upya, na kwa uzi usiodhurika na jua. Turubai la kivuli linalofunika kuanzia mlingoti hadi nyuma litawafaa kuliko kiyoyozi chochote. Boti ndogo ya kujaza upepo ikiwa ya PVC (aina ya plastiki) itaachia gundi kwenye joto, ishoneeni kifuniko. Feni ndogo moja kwa kila kitanda, na chandarua kwa kila tundu.

Karatasi: chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema, cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 hudumu maisha yote. Anayeingia eneo la Marekani kwa boti yake binafsi, ikiwemo Puerto Rico, anahitaji viza kamili hata kama pasi yake humruhusu kupanda ndege bila viza. Na kwenye pwani ya Hispania na Ureno, tangu 2020 kuna orka (nyangumi wauaji) wanaovunja sukani za boti za matanga. Someni taarifa za karibuni za mahali walipo, na mpite karibu na nchi, kwenye maji ya kina kifupi, pale hali ya hewa inaporuhusu.

Mtakapopakia, mtaona mstari wa maji umezama. Shusheni kwanza vitu vya baridi: mahema ya msimu, hita za kuchomeka ukutani, magodoro mazito, rundo la vipande vya mbao "vya akiba".

Ila si hita ya dizeli. Mwambie shemeji aiache pale ilipo. Kwenye mdomo wa mto Elbe, pale Mfereji wa Kiel unapoishia, saa tisa za usiku mwezi wa sita, kila kitu kikiwa kimelowa, ndiyo itakayowafanya bado mzungumze vizuri. Kisha Kanari na Karibi iwasheni kila mwezi kwa robo saa, hata kama jasho linawatoka, ili mafuta yasigande ndani yake. Boti nyingi zinazorudi Ulaya hupitia Azores, visiwa vya Ureno katikati ya Atlantiki, mwezi wa tano, na mkirudi kwa njia hiyo mtaihitaji kabla hamjaona nchi.